Wateja 30 wanaorudi: mwongozo wa kazi ya kusafisha vioo Kigoma

Vijana wanaoanza kazi ya kusafisha vioo huuliza swali moja, maneno tu ndiyo hubadilika: "Vifaa ninavyo, kazi naijua, wiki hii nimepata nyumba tatu, wiki ijayo sina hata moja. Wateja nawatoa wapi?"

Jibu langu huwa haliwafurahishi. Wateja ulishawapata, ukawaacha waende. Kioo kinachafuka chenyewe bila kuambiwa. Mwenye duka aliyekulipa mwanzo wa Julai, mwisho wa Julai kioo chake kina vumbi lilelile, na kama hamkuwekeana tarehe atampa kazi wa kwanza kupita, au atamwambia kijana wa dukani afute na gazeti. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kumfanya aliyekuita mara moja akuite tena, na kupanga mizunguko yako ili, katika mji huu wenye vilima, usimalize kila kitu kwa nauli.

Nimeuandika kwa ajili ya Kigoma mjini, kuanzia stesheni na bandarini hadi Mwanga, Gungu na Ujiji, kwa mtu anayefanya kazi peke yake au na msaidizi mmoja. Ukiwa Kasulu au Tabora, badilisha majina ya mitaa, na zile habari za maji ya ziwa uziruke.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mpira wa kukaushia kioo, ule wenye mpini na ukingo wa raba, pamoja na raba ya akiba. Raba iliyochanika inaacha mstari kila inapopita.
- Sponji au kitambaa kinene cha kupakia maji, na vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua sita. Fulana kuukuu inaacha nyuzi.
- Ndoo mbili, ya maji ya sabuni na ya maji safi.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ya mche usitumie. Sababu iko hatua ya nne.
- Siki nyeupe, chupa moja.
- Brashi ndogo ya nyavu na ya ule mfereji wa chini ambamo dirisha la kuvuta linatembea.
- Ngazi imara ya kukufikisha ghorofa ya kwanza. Zaidi ya hapo usipande bila vifaa vya kujifunga na mtu anayevijua.
- Daftari gumu na kalamu, na simu yenye WhatsApp.
- Lipa namba, au walau namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Mteja akiona jina asilolijua anaanza kuuliza maswali.
- TIN ya TRA na leseni ya biashara kutoka Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Kwa nyumba hazitaulizwa. Kwa ofisi hufiki popote bila hizo.

Vipeperushi havimo kwenye orodha kwa makusudi. Fedha ya kuchapisha karatasi zitakazofungia maandazi, nunua raba ya pili.

1. Hesabu unahitaji wateja wangapi

Wengi hudhani wanahitaji wateja mia. Tuseme unafanya kazi siku 20 kwa mwezi na kila siku unaweza vituo vitatu. Hizo ni ziara 60. Sasa tazama zinavyojaa:

- Maduka 8 ya kila wiki: ziara 32.
- Ofisi 6 za mara mbili kwa mwezi: ziara 12.
- Nyumba 16 za mara moja kwa mwezi: ziara 16.

Jumla ziara 60, wateja 30. Kwa bei za mfano, duka likilipa shilingi 3,000 kila ziara, ofisi 20,000 na nyumba 15,000, mwezi una 576,000 kabla hujatoa nauli, sabuni na malipo ya msaidizi. Weka bei zako halisi upige hesabu yako. Ninachotaka uone ni kwamba watu 30 mji huu unawamudu, na unaweza kuwajua wote kwa majina.

Wachache watapungua njiani. Mpangaji atahama, duka litafungwa, mtu atakosana na wewe. Jipangie kuingiza wapya wawili kila mwezi hata wakati kazi imejaa, kwa sababu ukingoja pengo lionekane ndipo utafute, utakaa bila kazi.

2. Kila mtaa uwe na siku yake

Jumatatu Barabara ya Lumumba na maduka ya karibu na stesheni. Jumanne Mwanga. Jumatano Gungu na Masanga, kule stendi. Alhamisi Ujiji. Ijumaa uiache kwa Bangwe au kwa viporo, na ukumbuke kwamba mchana kuna swala.

Faida ya kwanza ni nauli. Kutoka Bangwe na ngazi hadi Ujiji, kisha kurudi Katubuka, faida ya siku inaishia kwa mwenye bajaji. Faida ya pili ni kubwa zaidi: watu wanakuzoea. Wakikuona na ndoo kila Jumanne, wa duka la pembeni ataita mwenyewe, "We kijana, na mimi hapa vipi?"

Mteja mpya akipiga simu kutoka mtaa usio wa siku hiyo, usikimbie. Mwambie, "Ujiji napita Alhamisi, nikuweke saa nne au saa nane?" Mwenye haraka ya kweli atasema, na huyo unaweza kumfuata kwa bei ya kuitwa ghafla.

3. Jinsi ya kuingia dukani mara ya kwanza

Usiingie duka linapofunguliwa tu. Wenye maduka wengi hawapendi kutoa fedha kabla hawajauza cha kwanza, na ukimwomba kazi kabla hajafungua mkono utaonekana mkosi. Nenda kuanzia saa tatu na nusu hadi saa tano, au alasiri wateja wakipungua.

Salimia kwanza kama mtu, kisha zungumza biashara. Mwenye duka mtu mzima ni shikamoo, hata kama amevaa fulana ya mpira. Halafu usimwambie kioo chake ni kichafu. Anakijua, na umemwaibisha mbele ya watu. Sema: "Nasafisha vioo vya maduka ya mtaa huu kila Jumanne. Naomba nikuoneshe kimoja, hulipi kitu."

Safisha kioo kimoja tu, na kiwe cha mlangoni. Ukimaliza nyamaza. Tofauti kati ya hicho na vya jirani yake itaongea, na wengi hawawezi kuvumilia kioo kimoja kiking'aa kati ya vinne vyenye vumbi.

Anza na wale ambao kioo ni sehemu ya biashara yao: saluni, maduka ya dawa, maduka ya simu na ya nguo, migahawa yenye vioo mbele, wakala wa benki. Duka la vifaa vya ujenzi lenye milango ya chuma lisikupotezee muda.

*Angalizo:* kioo cha mfano kiwe kimoja. Wapo wanaosafisha duka zima bure "wakitafuta jina". Jina wanalopata ni la mtu wa bure.

4. Kazi ya kwanza ifanye ili ya pili iwepo

Maji ya bomba hapa mjini yanatoka ziwani, na maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali na magnesiamu nyingi. Yakikaukia kwenye kioo yanaacha madoa meupe. Ukitumia sabuni ya mche, hizi za mawese zikiwemo, inaungana na madini hayo na kuacha utando wa ukungu unaoonekana jua la jioni likipiga, wakati wewe umeshaondoka na fedha yake. Ndiyo maana nasema sabuni ya maji, tena kidogo. Matone machache kwenye ndoo yanatosha. Povu jingi ni kazi ya ziada.

Wakati wa mvua kinga maji ya bati kwenye pipa safi, ukiyaacha yale ya mwanzo yanayoosha paa yaende zake. Hayo hayana madini na ndiyo bora kwa kumalizia. Kiangazi, weka kikombe cha siki kwenye ndoo ya lita kumi ya maji safi. Siki isidondokee kingo za teraso au mawe ya marumaru asilia, itayababua.

Mpangilio ni huu: nyavu kwanza, kisha mfereji wa chini, kisha fremu, kioo mwisho. Ukianza na kioo, vumbi la nyavu linakirudia. Paka maji, vuta raba kutoka juu kwenda chini, futa ukingo wa raba kila baada ya mvuto mmoja, halafu kausha kingo nne za kioo kwa kitambaa kikavu. Usisafishe kioo kinachopigwa na jua moja kwa moja, maji yatakauka kabla hujayavuta. Asubuhi fanya upande wa magharibi wa nyumba, mchana hamia mashariki.

Madirisha mengi hapa yana grili, na mkono haupiti vizuri. Beba raba fupi ya pili kwa ajili hiyo. Na kabla hujagusa chochote, zunguka na mwenyeji mwangalie vioo vyenye ufa, vipige picha. Kioo kilichopasuka mwaka juzi kikikutwa baada yako, ni wewe.

Nyumba mpya zina matone ya rangi na saruji. Wembe unaondoa, lakini kwa kioo kilicholowa tu, na kamwe usiupitishe kwenye kioo kilichobandikwa karatasi ya giza. Wengine hutengeneza mchoro wa kudumu hapo, kisha wanazima simu.

5. Chukua tarehe kabla ya kuchukua fedha

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mteja ana furaha zaidi dakika ile anapotazama nje kupitia kioo kilichotoka kusafishwa. Akishalipa, mawazo yake yanahamia kwingine. Basi mzungushe ndani na nje, mwache aone, halafu useme kabla hajafungua pochi:

"Mama, kwa vumbi la barabara hii kioo hiki kitakaa wiki mbili vizuri. Mtaa huu napita Jumanne. Nikuweke Jumanne ya wiki ijayo au ile inayofuata?"

Hukumwuliza kama anataka urudi. Umemwuliza lini. Ukisema "nikija tena lini?" jibu ni "nitakupigia", na hatakupigia, sio kwa ubaya, amesahau tu.

Akisema "nitakupigia" hata hivyo, usimbane. Jibu: "Sawa mama. Jumanne ya tarehe hiyo nitakuwa hapa kwa jirani zako, nitabisha hodi. Ukiona bado havijachafuka, nitapita tu." Hapo bado una tarehe, na yeye hajisikii amefungwa kamba.

Andika tarehe hiyo mbele yake. Mtu akikuona unaandika jina lake kwenye daftari anajua una utaratibu. Simu haifai kwa hili, kwa sababu anayekutazama anadhani unajibu meseji.

Kuhusu muda wa kurudi, kadiri zangu ni hizi: duka la barabarani wiki moja kiangazi na wiki mbili mvua zikikolea, ofisi wiki mbili, nyumba mwezi mmoja, au miezi miwili kama iko mbali na barabara ya vumbi. Usimlazimishe wa miezi miwili awe wa wiki mbili. Ataona kioo bado safi, atahisi unamla fedha.

6. Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ni tarehe. Kila mteja apate ukurasa wake wenye:

- jina analoitwa mtaani, na namba ya simu;
- mahali, pamoja na namba ya nyumba. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina namba ukutani, itumie;
- idadi ya vioo, na bei mliyokubaliana;
- tarehe ya mwisho na tarehe ijayo;
- mambo madogo: mbwa, nani anafungua geti, kioo chenye ufa, saa ambayo mtoto amelala.

Mwisho wa daftari weka kurasa za kalenda, siku moja mstari mmoja. Kila Jumapili jioni zifungue, uandike wiki inayokuja kituo kwa kituo. Ukiona Alhamisi ina kituo kimoja, unajua tangu Jumapili kwamba Ujiji unahitaji kugonga milango miwili. Hii ndiyo tofauti kati ya kutafuta kazi ukiwa na utulivu na kutafuta ukiwa na njaa. Wateja huisikia hiyo njaa kwenye sauti, na bei inashuka.

7. Kumbusha jana yake

Tuma ujumbe saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia. Mfano:

"Shikamoo mama. Ni kijana wa vioo. Kesho Jumanne saa nne asubuhi nitafika kama tulivyopanga. Dada akiwepo wa kufungua geti inatosha. Usiku mwema."

Mfupi, wenye saa, wala haumwombi ruhusa. Kwa nyumba, huyo dada wa kazi ndiye mtu wako muhimu kuliko unavyodhani. Yeye ndiye atakayesema "alifanya vizuri" au "alimwaga maji sebuleni nikafuta mimi". Msalimie kwa heshima, usimtume maji kama mtumishi wako, acha sakafu kavu.

Kwenye stetasi ya WhatsApp weka picha mbili tatu kwa wiki, kabla na baada, ukiomba ruhusa na bila kuonesha ndani ya nyumba ya mtu. Stetasi inawakumbusha uliokuwa nao. Wapya inaleta wachache.

8. Bei ya kurudi na bei ya mara moja

Ziara ya kwanza iwe ghali kuliko zinazofuata, kwa sababu ina uchafu wa mwaka. Mweleze wazi: "Leo ni 25,000 kwa sababu ya madoa na nyavu. Ukiwa wa kila mwezi itakuwa 15,000." Wewe hupotezi kitu, kioo cha mwezi mmoja kinachukua nusu ya muda.

Usimpe punguzo wa mara moja anayeahidi kwamba "nitakuletea wateja". Punguzo linafuata ziara ya pili, sio ahadi.

Mkopo: duka la kila wiki likiomba kulipa mwisho wa mwezi, kubali kama limeshakulipa vizuri mwezi mzima, na mwenye duka asaini ukurasa wake kila ziara. Vinginevyo ni fedha mkononi.

9. Fuata msimu wa Kigoma

Mvua zetu huanza kuonekana Oktoba, hukolea Novemba hadi Aprili, na huisha Mei. Kila kipindi kina wateja wake.

Mei na Juni matope yaliyoruka yamekaukia kwenye madirisha ya chini. Pita nyumba zote ulizowahi kufanya, hata za mwaka jana. Huu pia ni wakati wa kwenda kwenye hoteli na nyumba za wageni, kwa sababu wageni wa hifadhi za Gombe na Mahale huja zaidi kiangazi na wengi hupitia hapa. Meneja anayetafutwa Juni anasikiliza. Wa Agosti ana wageni na hana muda nawe.

Julai hadi Septemba ni vumbi, na moshi wa mashamba yanayochomwa. Maduka ndiyo yanakubeba.

Oktoba na Novemba utasikia "ngoja, mvua itasafisha". Haisafishi. Mvua ya kwanza inakuta kioo kina vumbi na kukiachia michirizi ya tope. Badala ya kubishana, toa ahadi ya mvua: mvua ikinyesha ndani ya siku moja baada ya kazi na kuchafua vioo vya chini, unarudi kuvifuta bila malipo. Si mara nyingi utarudi, na ahadi hiyo inaokoa tarehe nyingi. Sharti moja: iwe kwa wateja wa kudumu tu.

Desemba watu wanapokea ndugu kwa ajili ya Krismasi. Siku za kuanzia tarehe 15 ziuze mapema, mwishoni mwa Novemba, na uwatangulize wa kudumu. Ramadhani nayo huwahi kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo iangalie kwenye kalenda. Ujiji nyumba nyingi hufanyiwa usafi mkubwa kumi la mwisho kabla ya Idi. Fanya kazi asubuhi, usimkute mtu saa ya kuandaa futari.

Januari na Februari nyumba zinakata matumizi. Ada, sare, madaftari, na kioo ndicho cha kwanza kufutwa kwenye bajeti. Usigombane na hilo. Mwambie mteja wa nyumba, "Mwezi huu nifanye sebule na mbele tu, 5,000." Ziara ndogo inashikilia tarehe, ziara iliyofutwa hairudi yenyewe.

10. Wanaokuletea kazi

Mafundi wa madirisha ya aluminiamu wanafunga vioo kila wiki na kuviacha na alama za gundi. Wapaka rangi ndio wanaoacha matone. Dalali wa nyumba anataka nyumba ing'ae kabla hajamleta mpangaji. Ujenzi wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, ile ya kilomita 506 iliyosainiwa Desemba 2022, ni sababu nyingine ya kumzoea dalali: panapoingia watu wa mradi, nyumba hubadilisha wapangaji.

Watafute watatu wanne, uwape kifuta jasho siku uliyolipwa, bila kukumbushwa. Kifuta jasho kinachochelewa kinamhamishia fundi kwa mwenzako. Na kazi za aina hii ni za mara moja, kwa hiyo mpangaji akishaingia rudi ubishe hodi, ufanye hatua ya tano.

11. Ofisi, mashirika na taasisi

Peleka barua fupi yenye mhuri, nakala ya TIN na leseni, na profoma (ankara ya awali) yenye bei kwa ziara. Iache mapokezi, mwombe aliyeipokea asaini nakala yako, kisha fuatilia baada ya wiki. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, kwa hiyo barua ya Aprili au Mei ina nafasi kuliko ya Septemba. Zabuni za umma siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao ulioanza 2023. Peke yako ni vigumu, kama kikundi kilichosajiliwa inawezekana. Kikundi pia kinaweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Uliza mapema watalipa baada ya siku ngapi na kama watakata kodi ya zuio (ile anayoizuia mlipaji kwenye malipo yako na kuipeleka TRA), ndipo upange bei.

*Angalizo:* ofisi za mashirika yanayohudumia wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu hulipa vizuri, na zinafungwa mradi ukiisha, wakati mwingine kwa taarifa ya mwezi mmoja. Mteja mmoja asizidi theluthi ya mapato yako, hata akiwa mtamu vipi.

Mambo yakikwama

*Mteja ameahirisha mara mbili mfululizo.* Usitume ujumbe wa tatu. Pita mwenyewe siku ya mtaa wake, salimia, uliza kama kuna kitu hakikumpendeza. Mara nyingi ni fedha; mpe ziara ndogo. Kama ni kazi, rudia kile alichokitaja palepale. Akikwepa tena, mtoe kwenye kalenda, umwache kwenye stetasi.

*Ameingia kijana anayefanya duka kwa 1,500.* Usishuke. Atachoka, au ataacha kuja siku za mvua. Wewe fika kila Jumanne ileile. Ukishusha bei kwa mmoja, kufikia jioni mtaa mzima unajua.

*Kioo kilikuwa safi, mteja anasema jioni kimetoka michirizi.* Sabuni imezidi au kingo hazikukaushwa. Rudi siku ileile ukiweza, futa kwa maji yenye siki, kausha. Usimweleze habari za magnesiamu.

*Madoa meupe hayatoki.* Lowesha kitambaa kwa siki isiyochanganywa, kiache kwenye doa dakika chache, suuza. Yasipotoka baada ya kurudia, kioo chenyewe kimeliwa. Mwambie mteja kabla hujakwangua.

*"Dada atafanya mwenyewe."* Sawa, mwachie vya ndani. Omba vya nje, vya juu na nyavu, ambavyo dada hafiki.

*Umeugua, au ngazi imevunjika.* Piga simu kwa wote wa siku hiyo kabla ya saa mbili asubuhi na utaje tarehe nyingine papo hapo. Mtu aliyesubiri geti wazi bila taarifa ni vigumu kumrudisha. Ndiyo maana msaidizi ajue kusoma daftari lako.

*Waya za umeme ziko karibu na dirisha la juu.* Usiweke ngazi ya chuma hapo, hata mteja akisema mwenzako alipanda. Fanya vya chini, toza vya chini.

*Kalenda imejaa na simu bado zinaita.* Usibane ziara ukakimbizana na saa. Wa zamani wataona ubora umeshuka. Pandisha bei kwa wapya. Wakikubali, funga taratibu zile nafasi zinazolipa kidogo kuliko zote, ukianza na wale wa kuahirisha.